Dobi Asiyetia Alama

9 Februari

Shangazi yangu,

Kuna sauti moja imenifuata mpaka huku. Si ya mtu anayeimba wala anayelia. Ni ya pua yako. Mbili fupi, moja ndefu: fu, fu, fuuu. Unachomoa shati kwenye rundo la nguo chafu, unaliinua usoni kama mtu anayesoma gazeti, unavuta pumzi, halafu unatamka ukiwa umefumba macho: "La Mwalimu Mkuu." Linalofuata: "La Kinyozi. Na amegombana na mkewe, amelala nalo." Utotoni nilidhani madobi wote duniani hufanya hivyo. Baadaye ndipo nilipojua kwamba wenzako hushona uzi wa rangi ndani ya kola, au huandika namba kwa wino, na kwamba ni wewe peke yako uliyechora kwenye ubao wa duka, kwa majivuno yasiyo na hata chembe ya aibu: DOBI ASIYETIA ALAMA.

Shikamoo. Mimi mzima. Chumba changu nacho kizima, isipokuwa dari. Mwenye nyumba anasema linavuja wakati wa mvua tu, kauli ambayo mtu wa sayansi hana namna ya kuipinga. Baba goti lake linaendeleaje? Msalimie, na umwambie huyo kaka yako kwamba mtu akiwa na simu si dhambi kuipiga.

Nimeanza na pua kwa sababu ndiyo inayonilisha sasa. Uliniuliza nafanya kazi gani hapa chuoni, nikasema utafiti, ukanijibu hata mwizi hufanya utafiti kabla ya kuvunja. Haya, nitakueleza, ila kaa chini kwanza. Tunawapa wanaume fulana za pamba. Wanalala nazo siku kadhaa bila manukato wala sabuni yenye harufu, kisha wanaturudishia. Tunazitia kwenye mitungi ya kioo, wanawake wanakuja wananusa na kusema ipi imewapendeza. Ndiyo. Nimesoma miaka yote hiyo ili niwe msimamizi wa makwapa.

Usicheke bado. Binadamu wameishi na magonjwa tangu kabla hawajaitwa binadamu. Kila ugonjwa uliopita uliondoka na watu wake ukaacha watu wake, na sisi ni uzao wa walioachwa. Malaria imechonga damu zetu mpaka leo. Vitu tunavyoviona kinyaa, mizoga, usaha, kamasi za mtu mwingine, hakuna aliyetufundisha darasani. Wasioviona kinyaa hawakupata muda wa kuzaa. Profesa wangu anafuata wazo moja la zamani, kwamba pua inaweza kumtambua mtu ambaye kinga ya mwili wake ni tofauti na yako, ili watoto wenu warithi ngao za aina mbili. Tafiti nyingine zinakubali, nyingine zinakataa, ndiyo maana tunaendelea kulipwa. Lakini kama ni kweli, basi mtu anapomwambia mwenzake "nakupenda," huenda ni kinga yake ya mwili tu iko sokoni.

Na hapo ndipo tunapofika kwa Mfamasia.

Unasema amekuja rasmi, amekaa kwenye kiti cha wateja, amesema anataka kunioa na anasubiri jibu. Unasema ni mpole, duka lake la dawa linatazamana na lako, na mashati yake hayachafuki kola. Kwa sifa hizo naweza pia kuolewa na hanga ya nguo. Mimi nimezungumza naye mara moja. Aliniuzia dawa ya kikohozi na kunieleza jinsi ya kufungua chupa.

Unajua ninachokiogopa, sina haja ya kukizungusha. Nikija kuolewa huko, sitarudi huku. Hakuna mtu atakayenikataza kurudi. Hivyo ndivyo wanawake wa ukoo wetu wasiorudi walivyokosa kurudi.

Basi mwambie atume shati alilolivaa. Tulinuse. Sayansi iamue.

Mwanao.

*

3 Machi

Daktari wa Mashati,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa kama ulivyoshauri. Namshukuru Mungu marehemu mama yako hakusoma kwamba mwanawe ananusa wanaume kwa mshahara.

Baba yako yuko salama. Goti linamuuma likisikia kazi. Likisikia safari au sherehe linanyooka lenyewe. Mkewe anakusalimia, anauliza huko mnakula.

Biashara ipo ipo. Wateja wa siku hizi wamekuwa watu wa ajabu. Mwalimu Mkuu kaja na shati mkononi, mbele za watu, eti si lake, linambana. Nikamwambia, "Mwalimu, shati halijakua, aliyekua ni wewe." Juzi yake Kinyozi kaja na lake, eti linampwaya, mabega yamefika kwenye viwiko. Nikamwambia apunguze mawazo, anakonda. Watu hawaijui miili yao halafu wanamlaumu dobi. Usinipigie simu kuniuliza habari hizi, naandika kwa makusudi. Dukani simu ikilia wateja wote wanageuka masikio.

Haya, Mfamasia. Nilimwambia ombi lako. Mtu mzima yule alisimama pale kaunta akawa mwekundu kama betri ya redio. "Mama," ananiambia, "nililolivaa? Hili hili?" Nikamwambia, "Ndivyo wanavyochumbiana wasomi." Kaenda kulivua, kaleta, hakuniuliza swali la pili. Mwanamume wa namna hiyo humpati kwenye mtungi wa kioo.

Nimekutumia. Nimelifua kwa mkono, si kwa mashine. Nimelitia wanga, nimelipiga pasi, nimelikunja kwa karatasi nyeupe. Siwezi kupeleka nguo chafu posta, watu wa posta wananijua.

Jibu lisichelewe. Hata huku chuo kipo, cha ualimu, ghorofa mbili, na madirisha yote yana vioo. Nyumba hii inahitaji mtu wa pili. Sisemi zaidi ya hapo.

Shangazi yako.

*

20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mwambie mke wa Baba tunakula. Dari limepona, mvua imekatika. Nimepandishwa cheo, sasa nina ufunguo wa kabati la mitungi.

Shati limefika. Lilikuwa limekakamaa kwa wanga kiasi kwamba nilipolitoa kwenye boksi lilisimama, na Profesa akataka kulishika mkono.

Shangazi, kwa heshima zote. Ulielewa kila kitu isipokuwa kitu chenyewe. Tulitaka jasho! Lile ulilolitoa kwa mikono yako, kwa upendo na kwa sabuni ya mche, ndilo lililokuwa mchumba. Umenitumia mabaki. Profesa alilivuta kwa pua yake ndefu, akatafakari, akaamuru niandike: "Mhusika ananuka wanga. Uwezekano wa kuzaa naye watoto wenye afya haujulikani. Uwezekano wa kuzaa naye mashuka ni mkubwa." Walicheka mpaka chumba cha pili wakaja kuuliza nani kafaulu.

Nami nilicheka. Halafu niliporudi chumbani nililigeuza, na hapo sikucheka sana. Mgongoni, chini ya kola, kuna alama ya pasi, rangi ya chai, umbo la ncha yake kabisa. Umelikunja kwa ustadi ili isionekane. Wewe ndiye uliyenifukuza dukani wiki nzima kwa sababu niliacha pasi juu ya foronya nikakodolea macho mechi ya watoto barabarani. Na hukuwa hata ndani. Ulikuwa uani unaanika, ukapiga kelele kutoka kule, "Pasi, wewe!" Harufu ya kuungua wewe huwa unaisikia kabla kitambaa chenyewe hakijajua kwamba kinaungua.

Je, pasi ni mpya? Umechoka? Nauliza tu.

Kuhusu jibu: sijalipata. Tuma lingine. Chafu, Shangazi. Livuliwe, litiwe kwenye mfuko wa plastiki, lifungwe. Sabuni isilione hata kwa mbali. Najua kwako ni kama kukuomba utembee uchi, lakini jitahidi.

Mwanao.

*

14 Aprili

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Sisi wazima. Baba yako kanunua fimbo ya kutembelea, anaitumia kuonyeshea watu vitu.

Pasi ni ile ile na mimi ni yule yule. Kitambaa kilikuwa cha kichina. Na mlango wa nyuma wa duka nimebadilisha, ule wa zamani ulikuwa umechoka, nakwambia ili ukija usishangae.

Eti "mabaki." Kazi ya mikono yangu imeitwa mengi, hilo ni jipya. Haya, nimekutumia chafu. Nimelitoa kwenye rundo la jana kwa mikono miwili, macho nimeyageuzia ukutani, nikalitumbukiza kwenye mfuko. Jeupe, la mikono mirefu. Nimelinusa mwenyewe kwanza ili nisikosee. Linanuka usafi, dawa, na mtu wa nidhamu. Mwambie Profesa aandike hivyo, na atie sahihi.

Mfamasia anazidi kunionyesha moyo. Hata dawa ya masikio kanipa, matone, asubuhi na jioni, kakataa nilipe. Kila nikipita ananiuliza kwa sauti kubwa, "MAMA, NAFUU IPO?" Barabara nzima inageuka. Nami nainamisha kichwa namwambia ipo.

Usiulize habari ya masikio. Uzee.

Mimi nataka jibu, mwanangu. Yeye ni mwanamume, hatasubiri mpaka mmalize kunusa nchi nzima.

Shangazi yako.

*

2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nitafupisha salamu, unisamehe. Wote wazima, mimi mzima.

Mfuko ulifika Jumatatu. Nilipoufungua, mwenzangu wa meza ya jirani alitoka nje bila kuaga. Dirisha tuliloambiwa limekwama tangu jengo lijengwe lilifunguka. Mafuta ya nyama yaliyochacha, damu, moshi, na kwenye mkunjo wa mkono wa kulia kipande cha mfupa. Kwa hiyo ama Mfamasia anawachinja wanaoshindwa kulipia dawa, ama lile ni shati la Muuza Nyama.

Nililijua bila kufikiri. Nilikulia kwenye rundo hilo. Shati la Muuza Nyama lilikuwa ndilo la kujifunzia, uliniambia hata mtu mwenye mafua hawezi kulikosea. Ulilishika kwa mikono miwili, kwa maneno yako mwenyewe. Ulilileta puani kwa maneno yako mwenyewe. Ukaandika usafi na dawa.

Nimekaa na barua zako zote mezani. Mwalimu Mkuu hajanenepa. Kinyozi hajakonda. Wamevaliana mashati, na wewe ukawatukana wote wawili kwa ufasaha. Shati limeungua mikononi mwako. Mlango umebadilishwa, na milango haichoki. Kisha masikio. Shangazi, masikio yako yanasikia sarafu ikianguka ng'ambo ya barabara. Ulikwenda kwa Mfamasia ukamwambia, "Siku hizi sisikii." Naye, kwa kuwa ni mpole na ana nidhamu, hakuuliza husikii nini. Lugha yetu inasikia sauti na inasikia harufu kwa neno lile lile, akachagua lililo rahisi, akakupa matone. Nawe ukaona heri. Unatia dawa masikioni asubuhi na jioni kwa ajili ya pua.

Tangu lini?

Naifahamu hali hii kwa vitabu, usidhani nakutisha. Virusi vya mafua vinaweza kuharibu sehemu ya juu ya pua, pale harufu inapopokelewa. Kwa wengine inarudi taratibu, kwa wengine hairudi. Kuna mazoezi ya kunusa yanayowasaidia baadhi yao, na kuna madaktari wa pua, ambao hawana uhusiano wowote na madaktari wa mashati. Lakini lazima mtu aseme.

Unaishi peke yako na pasi, jiko la gesi na madumu ya dawa za kutolea madoa. Usiniambie ni uzee. Usiniambie kitambaa kilikuwa cha kichina.

Mwanao.

*

11 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Barua yangu ya mwanzo wa Mei haijajibiwa. Haikupotea. Watu wa posta wanakujua.

Nilipiga simu dukani. Ulisema, "Umekosea namba," kwa sauti yako mwenyewe. Asante.

Naandika tena kuuliza kama u mzima. Neno moja linatosha, hata likiwa tusi.

Mwanao.

*

30 Juni

Kidomodomo,

Marahaba. Mimi mzima. Baba yako mzima. Fimbo imevunjika, alikuwa anamwonyesha fundi kitu.

Umefurahi sasa? Umesoma, umefaulu, umegundua. Mwambie Profesa akupe ufunguo wa kabati la pili.

Ni tangu mafua ya wakati wa baridi, mwaka jana. Mji mzima uliyapata, hakuna aliyeyaona kitu. Watu walipiga chafya, wakanywa vitu vya moto, wakapona. Mimi pia nilipona. Ila yangu yaliondoka na pua kama mgeni anayeondoka na taulo. Asubuhi moja nimeinua shati, fu, fu, nikaona kimya. Nikadhani limefuliwa. Nikachukua la pili, kimya. Rundo zima limenyamaza. Nilikaa chini pale pale sakafuni nikafanya kama natafuta kifungo.

Chakula nacho ni kutafuna boksi. Nimepungua, nawaambia watu najitunza.

Wateja nimekuwa nikiwakisia. Kwa urefu wa mikono, kwa vifungo, kwa namna mtu anavyokunja. Wengi napatia. Hao wawili walinishinda. Kama ningeanza kushona nyuzi leo, ningeulizwa kwa nini leo.

Na mlango, kwa kuwa umeshaanza kuchimba. Nilikuwa mbele nampokea mtu, chumba cha nyuma kimefungwa, pasi iko juu ya shuka. Mfamasia aliisikia harufu akiwa kwake, ng'ambo ya barabara, kwenye chupa zake! Alizunguka nyuma akaupiga mlango kwa bega. Akatoka na shuka linawaka kama bendera, akalitia kwenye beseni, akaniambia, "Pole Mama, huenda ulisahau." Kisha akarudi kumalizia kumhesabia mtu vidonge. Sasa wewe niambie. Mtu kakuokoa, utampa nini? Mashati yake nafua bure, bado anaona nimezidisha. Nilikuwa na binti mmoja tu wa kaka.

Ndiyo, nilitaka uje uwe pua yangu. Mume upate, nyumba ipate mtu, duka liendelee, na mimi nisiseme kitu kwa mtu yeyote. Mpango ulikuwa mzuri, wewe ndiye uliyetaka sayansi.

Sasa nisikilize. Mama yako alipougua kifua ulikuwa mdogo, hukuona. Watu walianza kupita upande wa pili wa barabara. Hawakuwa wabaya, ni hawa hawa. Walituma salamu, walituma watoto mpaka kwenye kona, watoto wakapiga kelele salamu wakakimbia. Mashuka yake nilikuwa nayafua mimi, beseni lake, siku yake, maji yake ya moto, kamba yake ya kuanikia. Wakajua. Rundo langu likapungua, likapungua, mpaka likabaki la mama yako peke yake. Nilimfulia mpaka alipokufa, na baada ya hapo nilikaa na duka tupu mpaka watu wakasahau. Kusahau kwenyewe kulikuja taratibu, hakuna aliyekuja kuniambia wamesahau.

Wewe una vitabu, mimi nina hiyo. Nikisema ugonjwa umeniharibu pua, hawatasikia pua. Watasikia ugonjwa. Kisha watatazama maji yangu.

Usimwambie mtu. Si baba yako, si Mfamasia. Nakuomba, na unajua mimi si mwombaji. Njoo uolewe, tumalize.

Shangazi yako.

*

12 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Dari limeanza tena. Baba apewe pole ya fimbo, na fundi apewe pole ya kuonyeshwa.

Barua yako niliisoma nikiwa maabara, kosa kubwa, maana ilibidi niseme kuna mtungi umenichoma macho. Habari ya kamba ya mama ya kuanikia hujawahi kuniambia. Nilikuwa nakumbuka tu kwamba kulikuwa na kamba moja ambayo niliambiwa nisicheze chini yake.

Sitakubishia kuhusu watu. Uko sahihi, na nina makala za kutosha kabatini za kukuunga mkono. Kuna mahali wamewadunga watu kitu kinachoamsha kinga ya mwili, bila ugonjwa wenyewe, na baada ya saa chache tu wengine waliweza kuitambua harufu yao na kuichukia. Tumeumbwa na waliokimbia. Aliyesimama kuuliza kwanza kama inaambukiza hakuacha wajukuu wengi. Ndiyo maana kinyaa hakiulizi maswali. Na mgonjwa naye anajua hilo kwa mwili wake, kwa hiyo anajificha, anainamisha kichwa barabarani na kusema nafuu ipo.

Ila kuna kitu kingine, hiki hakinichekeshi hata nikijitahidi. Wachimbaji huokota mifupa ya watu wa zamani sana, kabla ya dawa, kabla ya nyumba, mfupa wa paja uliovunjika ukaunga. Mtu mwenye paja lililovunjika hawezi kwenda kutafuta maji. Kama mfupa umeunga, kuna mtu alimletea. Kwa hiyo si kweli kwamba wote walikimbia. Alikuwepo mmoja aliyebaki na beseni. Huyo naye aliacha uzao, sijui kwa bahati gani, na sisi wawili tumetokana na wote wawili, aliyekimbia na aliyebaki. Wewe ulipata zaidi ya huyo wa pili. Mimi sijajua nimepata nini, nimekuwa nikisoma tu.

Niliufikiria mpango wako, usidhani niliudharau. Nilijiona hapo dukani, nanusa, natamka, unafua. Ningeiweza kazi hiyo. Nilimwona hata Mfamasia akinifungulia chupa. Halafu nikaona kwamba kila asubuhi tungeamka watu watatu kulinda uongo mmoja, na mmoja wetu angekuwa hajui kwamba anaulinda. Na nikaona kwamba siku nikienda sokoni, pasi haitanisubiri nirudi. Si harusi inayokupungukia. Unahitaji watu wote wa barabara hiyo wawe na pua kwa niaba yako, na hawawezi kama hawajui.

Kwa hiyo nimewaandikia.

Mwalimu Mkuu, Kinyozi, Muuza Nyama, yule mama anayekuletea vitambaa vya mezani, Mfamasia, na Baba. Barua moja, nimeinakili kwa mkono ili kila mtu aone ni yake. Nimesema Shangazi yangu aliugua mafua yale yale mliyougua nyote. Ninyi mlirudishiwa pua, yeye hakurudishiwa. Hana ugonjwa wowote, maji yake ni yale yale yaliyowang'arishia kola miaka yote hii. Kuanzia sasa kila mmoja ashone alama yake mwenyewe ndani ya kola kabla ya kuleta, na atakayeisikia harufu ya kuungua au ya gesi akipita dukani asione haya kugonga. Nimewaambia pia habari ya mama yangu. Kwamba aliyemfulia ni wewe, na kwamba wao walipita upande wa pili. Sikutia ukali. Niliandika tu kama ulivyoandika.

Mwalimu Mkuu na Kinyozi nimewaongezea mstari mmoja: wabadilishane mashati. Muuza Nyama nimemrudishia lake, ndani ya mifuko mitatu. Chini ya barua ya Mfamasia nimeandika kwamba aache kukupigia kelele, masikio yako hayajawahi kuumwa, na kwamba daktari wa pua aliye karibu nanyi anapatikana kila Alhamisi, akupeleke yeye kwa kuwa kwangu utakata simu.

Uliniomba nisiseme, nimesema. Huenda wakaondoka. Huenda rundo likapungua tena kama lilivyopungua, na itakuwa ni mimi niliyelipunguza, na utakuwa na haki ya kunitupia beseni. Nimelipima hilo. Nimeona heri duka tupu lenye wewe ndani.

Sikukuuliza kwanza kwa sababu najua ungejibu nini. Barua zao nilizitumbukiza jana asubuhi, moja moja, mpaka mkono ukabaki mtupu. Hii yako inaondoka leo. Watakuwa wameshajua kabla hujajua kwamba wanajua. Ya Mfamasia ina karatasi ya pili, na kwenye karatasi hiyo nimemjibu hapana.

Mwanao.